Mgombea Akiahidi Njia ya Baiskeli, Muulize Barabara Ni ya Nani

MASWALI YA WASOMAJI

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Barua nyingi zilizotufikia kutoka Nairobi zinauliza jambo moja: wagombea wanaahidi njia za baiskeli, je, ahadi ipi inatekelezeka na ipi ni ya jukwaani tu? Hatumtaji mgombea wala chama chochote. Tunaichambua ahadi yenyewe. Msomaji mmoja ametuandikia kutoka Dar es Salaam, naye tumempa nafasi.

Anayetaka kuwa MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye Bunge la Kaunti, amesema akichaguliwa ataitengeneza upya njia ya baiskeli ya Outer Ring. Wengi wetu huenda viwandani alfajiri kwa baiskeli, kwa hiyo tulimpigia makofi. Je, ana uwezo huo? — Msomaji, Kayole

Hana, na huenda anajua hana. Outer Ring ni barabara ya KURA, Mamlaka ya Barabara za Mijini, ambayo ni ya serikali ya taifa. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi hizi: barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya taifa, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma ni za kaunti. Ukitoka Kayole kwenda mjini kwa baiskeli unaweza kuingia na kutoka kwenye barabara za wenyewe tofauti bila kuona alama yoyote. Thika Road na Waiyaki Way ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu, Ngong Road na Outer Ring ziko chini ya KURA, na barabara nyingi za mtaani ni za kaunti.

Pili, MCA hajengi. Kifungu cha 185 cha Katiba kinampa kazi ya kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Hasaini mkataba na mkandarasi wala hamwelekezi mhandisi. Anachoweza ni kutia jina la barabara fulani kwenye bajeti, kukataa kupitisha makadirio yasiyo na jina hilo, na kumwita waziri wa barabara wa kaunti mbele ya kamati aeleze fedha zilikwenda wapi. Kazi hiyo si ndogo, ila haipigiwi makofi mkutanoni.

Kwa hiyo mrudisheni kwenye eneo lake. Mwendesha baiskeli wa Kayole hufika Outer Ring kwa kupitia barabara za mtaani, na huko ndiko kuna mtaro usio na kifuniko, taa iliyozimika na kona ambayo matatu hugeukia bila kupunguza mwendo. Mwambieni ataje barabara tatu za kaunti ndani ya wadi zinazowapeleka watu Outer Ring, na kwa kila moja aseme ataombea nini: taa, vifuniko vya mitaro, au tuta la kuvukia. Kuhusu Outer Ring yenyewe, anaweza kupeleka hoja kwenye Bunge la Kaunti ili gavana aandikiane na KURA. Sheria inaruhusu ngazi hizo mbili kukubaliana kwa maandishi nani afanye matengenezo ya sehemu fulani. Mgombea akikwambia "nitaleta hoja ya makubaliano na KURA kuhusu kilomita kadhaa kati ya hapa na pale," huyo ameifanya kazi yake ya nyumbani.

Ukitaka kujua barabara ni ya nani, anza na ubao wa mradi kama bado umesimama, kwa sababu jina la mwajiri huandikwa juu kabisa. Usipouona, iulize Bodi ya Barabara ya Kenya, ambayo hutunza orodha ya barabara zote na tabaka zake. Andika jina la barabara pamoja na makutano ya mwanzo na ya mwisho, kwani barabara moja inaweza kuwa na wenyewe wawili.

Mmoja wa wanaotaka ugavana anaahidi kilomita 100 za njia za baiskeli kwa miaka mitano, na kwamba za kwanza zitaonekana ndani ya siku 100. Hesabu hii inakaa sawa? — Msomaji, Kilimani

Tuanze na siku 100, kwa sababu hapo jibu ni fupi. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Bajeti ya 2027/28 inatakiwa iwe imepitishwa kufikia tarehe 30 Juni 2027, na watakaoipitisha ni MCA wanaomaliza muda wao. Gavana atakayeapishwa baada ya uchaguzi atakuta fedha zimeshagawanywa na mtangulizi wake. Anaweza kupeleka bajeti ya nyongeza, lakini bado kuna michoro, zabuni, rufaa za walioshindwa zabuni, na kumkabidhi mkandarasi eneo la kazi. Ndani ya siku 100 linalowezekana ni lile lililoko tayari kwenye fungu la matengenezo: kuzibua mitaro, kurudisha vifuniko, kubadilisha taa, kuweka vigingi pale magari yanapopanda juu ya njia. Mgombea angeahidi hayo tungemwamini zaidi.

Ahadi ya miaka mitano ina njia yake ya karatasi, nayo inafaa kufahamika kwa tarehe. Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule unaoitwa CIDP, ni wa miaka mitano. Unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027, na gavana ajaye ataandika unaofuata. Kila mwaka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kufikia Septemba mosi. Taarifa ya Sera ya Fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na kupitishwa ni kufikia mwisho wa Juni. Njia ya baiskeli isiyotajwa kwenye CIDP ni vigumu kupata fedha baadaye. Tazama pia jinsi tarehe zilivyobanana: mpango wa mwaka wa 2028/29 unatakiwa Septemba mosi 2027, wiki tatu tu baada ya kura. Mgombea ambaye hajachagua barabara zake kabla ya uchaguzi atakuwa ameshachelewa mwaka mzima.

Sasa kilomita. Muulize: kilomita ya nini? Barabara ya kilomita 5 yenye njia upande wa kushoto na wa kulia inaweza kuandikwa 5 au 10 kwenye ripoti, na wanasiasa hupenda 10. Tena muulize kama anahesabu njia ya baiskeli peke yake au ile ambayo waenda kwa miguu na baiskeli wanagombania mita moja na nusu. Kipimo kinachopendekezwa kwa miji ya Afrika ni mita 2 wazi kwa baiskeli za upande mmoja, mita 3 zikipishana, na mita 2 nyingine za watembea kwa miguu, pamoja na nusu mita ya kutenganisha baiskeli na magari. Jumla ni mita 4.5 kila upande. Barabara nyingi za katikati ya mitaa hazina nafasi hiyo ikiwa njia za magari hazitapunguzwa, na mgombea lazima aseme waziwazi atapunguza nini: upana wa njia za magari kutoka mita 3.5 hadi 3, au maegesho ya upande mmoja. Akisema hatapunguza chochote, mpe karatasi achore.

Ukitaka kupima uzito wa ahadi, hesabu kabro, yale matofali ya zege yanayotandikwa njiani. Njia ya mita 2 kwa kilomita 1 ni mita za mraba 2,000. Kabro ya sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita ya mraba, yaani vipande 100,000 kwa kilomita, upande mmoja. Unene wa sentimita 6 unatosha kwa miguu na baiskeli, lakini kwenye mlango wa kituo cha mafuta au geti la ghala inatakiwa sentimita 8, kwa sababu lori litapita juu yake kila siku. Hapo ndipo njia nyingi zinapofia. Mkandarasi huweka ile ya 6 mwanzo hadi mwisho, anaacha ukingo bila jiwe la kushikilia, mchanga wa chini unachukuliwa na mvua, na msimu wa pili kabro zinacheza kama meno ya mtoto. Kwa baiskeli sisi tungechagua lami nyembamba kuliko kabro. Lami haitikisi mikono, na mwenye baiskeli akiona njia inamtikisa atashuka barabarani hata kama umemjengea pembeni. Kabro ina faida moja ya haki: bomba la maji likipasuka unazitoa na kuzirudisha. Ni faida ikiwa kuna mtu anayezirudisha.

Sera ipo. Kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, na ndani yake ilijifunga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Haihitaji mgombea mpya abuni kitu. Muulize tu: unaikubali ile asilimia 20, na kama huikubali, yako ni ngapi? Kisha muulize kuhusu madeni. Kaunti ya Nairobi imekuwa ikiongoza kaunti zote kwa bili zisizolipwa, na mkandarasi anayedai hufunga eneo la kazi, anaondoa mashine na kuacha mtaro wazi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, zinazotoka kila robo mwaka, huonyesha kiasi gani cha fedha za maendeleo kilitumika kweli. Kilichotengwa kwenye bajeti na kilichotumika havifanani.

Kwa ufupi wa namba: kilomita 100 kwa miaka mitano ni 20 kwa mwaka, na mwaka wa kwanza tumeshaona umekwenda. Zimebaki 25 kwa mwaka. Inawezekana kwa jiji la ukubwa huu, ila si kwa gavana anayeanza kutafuta michoro akiwa ofisini.

Sisi wa Thika Road tayari tunazo njia. Shida ni bodaboda, magari yanayoegeshwa juu yake na wachuuzi. Mgombea mmoja ameahidi kuwafukuza wote. Itasaidia? — Msomaji, Roysambu

Magari, ndiyo, na kazi yake ni rahisi. Gari dogo la kawaida, tuseme Probox, lina upana wa karibu mita 1.7. Vigingi vya zege au chuma vikiachiana mita 1.2 hadi 1.4 gari halipiti, na kiti cha magurudumu kinapita. Kiwe kimezama ardhini angalau sentimita 40 kwenye zege, kwa sababu kilichokitwa juujuu hung'olewa na lori la kwanza linalorudi nyuma. Kipakwe rangi inayong'aa usiku, la sivyo mwenye baiskeli ndiye atakayekigonga. Na pale kwenye mlango wa njia, pasiwe na kigingi katikati kabisa ya mstari wa baiskeli. Viwe viwili pembeni.

Kwa bodaboda vigingi havisaidii. Usukani wa pikipiki una sentimita 80 hivi, kwa hiyo nafasi yoyote inayopitisha kiti cha magurudumu inapitisha pikipiki. Wanaoahidi "vigingi vya kuzuia boda" hawajawahi kupima. Ukikaa hapo nusu saa utaona kwamba bodaboda wengi wanaopanda juu ya njia wanakwenda kinyume na magari. Sababu yake ni kwamba barabara imegawanywa katikati, na pa kugeukia pako mbali. Abiria anataka kufika upande ule ule, mita 300 nyuma. Dawa ni kumpa mahali halali pa kuvuka au kugeuka, kuweka kituo cha boda kwenye barabara ya pembeni badala ya mdomoni mwa daraja la miguu, na kuweka polisi wa trafiki kwa muda wa saa mbili asubuhi na nyingine mbili jioni. Gavana ana uwezo wa kupanga vituo vya boda. Polisi wa trafiki hawako chini yake, na Thika Road yenyewe ni ya KeNHA, kwa hiyo kila kigingi kinahitaji idhini yao.

Wachuuzi ni jambo lingine kabisa, na hapa hatukubaliani na mgombea wenu. Mama mboga anakaa pale kwa sababu abiria wanashukia pale. Askari wa kaunti wakimwondoa asubuhi, jioni yuko. Njia inayodumu humpangia nafasi: ukanda wa mita 1.5 hadi 2 kati ya watembea kwa miguu na baiskeli, au upande wa nje wa njia ya miguu, wenye sakafu ngumu, mtaro wa maji machafu na taa. Nafasi hiyo ikikosekana kwenye mchoro, itakatwa kutoka kwenye njia ya baiskeli, hilo halina mjadala. Kwa mgombea, swali ni "mchoro wako umewapa wachuuzi mita ngapi?" Anayejibu kwa neno "operesheni" hajaelewa shida.

Jambo moja zaidi kuhusu Thika Road, ambalo linahusu barabara zote kubwa: taa. Nguzo zikisimama katikati ya barabara, mwanga unaangukia magari, na njia ya pembeni inabaki kizani chini ya miti na mabango. Waliokamilisha barabara ile mwaka 2012 walijenga barabara kuu na kuiweka katikati ya mitaa ya watu. Taa za pembeni, fupi, za mita 4 hadi 6, zinazotazama njia yenyewe, ni kazi ndogo ikilinganishwa na kujenga njia mpya.

Mgombea wetu anasema kujenga njia ni ghali, atachora mistari tu barabarani. Anataja miji ya Ulaya. Rangi inatosha? — Msomaji, South B

Inategemea mwendo wa magari. Kwenye barabara ya mtaani ambako magari hayazidi kilomita 30 kwa saa, hata mistari huhitaji. Unahitaji matuta na kona zilizobanwa, na baiskeli zitachanganyika na magari bila taabu. Kwenye barabara ambayo matatu hukimbia 50 na zaidi, mstari mweupe ni maegesho ya bure. Siku ya pili utakuta matatu imepakia hapo, na mwenye baiskeli analazimika kuizunguka kwa kuingia katikati ya magari, mahali pabaya kuliko alipokuwa kabla ya rangi. Kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa breki unaongezeka mara nne. Rangi haibadilishi hilo.

Lakini barua yako inatupa nafasi ya kusema jambo ambalo wagombea karibu wote huliruka: makutano. Unaweza kujenga njia nzuri kilomita nzima, ikafika kwenye kona ikapotea mita 20 kabla, kisha ikatokea tena ng'ambo. Hizo mita 20 ndizo zinazoua. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, hatari kuu ni gari linalokata kushoto mbele ya baiskeli inayokwenda moja kwa moja. Dereva anatazama magari ya kulia kwake. Baiskeli iko kwenye bega lake la kushoto, mahali kioo hakioni.

Makutano yaliyofanywa vizuri yana mambo yanayoonekana kwa macho, huhitaji kuwa mhandisi. Kona imebanwa: ukingo wake una nusu kipenyo cha mita 4 au 5, si 10 na zaidi, kwa hiyo gari haliwezi kugeuka kwa kasi. Njia ya baiskeli haishuki; inapita juu ya barabara ya pembeni kwenye kimo chake, na gari ndilo linalopanda tuta la sentimita 15 lenye mteremko wa mita 1.2 kila upande. Na mahali pa kuvukia pamerudishwa nyuma kama mita 5 kutoka barabara kuu, urefu wa gari moja, ili dereva aliyekata kona asimame akiwa ameshanyooka na anaiona baiskeli mbele yake. Makosa ya kawaida ni tuta kumwagwa kwa lami bila kipimo, likawa kali upande mmoja na bapa upande mwingine, na mtaro kuzibwa na tuta hilo hilo, mvua za Machi hadi Mei zikageuza kivuko kuwa bwawa. Bomba la maji ya mvua lipite chini ya tuta kabla ya lami kumwagwa.

Kitu kingine cha kutazama kwa karibu ni wavu wa chuma juu ya mtaro. Nafasi zake zikielekea upande mmoja na mwendo wa gurudumu, tairi nyembamba inadumbukia na mwendeshaji anaruka juu ya usukani. Wavu ugeuzwe nafasi zikatize njia, kila nafasi isizidi sentimita 2. Kugeuza wavu hakuhitaji zabuni. Na kwa kuwa vifuniko vya chuma huibiwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, vya zege vina maisha marefu zaidi, ilimradi viwe na tundu la kuinulia.

Kwa hiyo mwambie mgombea: achore mistari akitaka, lakini kwanza ataje makutano matano atakayoyajenga upya. Makutano matano mazuri yanafaa kuliko kilomita kumi za rangi.

Kuna anayesema akiwa gavana ataondoa ushuru wa baiskeli ili kila kijana apate ya bei nafuu. Kweli? — Msomaji, Githurai

Hapana. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa serikali ya taifa peke yake ushuru wa forodha, VAT na ushuru wa bidhaa. Na viwango vya forodha vinapangwa kwa pamoja na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gavana hana mkono hapo. Anachokiweza ni maegesho. Nafasi moja ya gari, mita 2.5 kwa 5, inatosha vyuma vitano vya kufungia vyenye umbo la U iliyopinduliwa, yaani baiskeli kumi. Chuma kiwe bomba la sentimita 5, kimo cha sentimita 80, kichimbiwe sentimita 30 kwenye zege, na kiwekwe mbele ya mlango wa soko au stendi ambapo bawabu anakiona. Kilichowekwa nyuma ya jengo kitabaki kitupu. Anaweza pia kukataa kupitisha ramani ya jengo jipya lisilo na sehemu ya baiskeli. Haya yote yako mezani kwake bila kumwomba mtu wa Hazina.

Diwani wetu aliahidi kwenye kampeni za Oktoba 2025 kwamba atatujengea njia ya baiskeli kutoka mtaani hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi. Tumsubiri? — Msomaji, Kimara, Dar es Salaam

Msimsubiri akiwa peke yake. Kwenu mgawanyo ni huu: Morogoro Road ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa taifa wa barabara, na barabara za mitaa tangu Julai 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kabla ya hapo zilikuwa za halmashauri, na madiwani wengi bado huomba kura kana kwamba ni za halmashauri. Diwani hana fungu la barabara mkononi. Ana sauti mbili: Kamati ya Maendeleo ya Kata anayoiongoza, ambapo vipaumbele vya mitaa hukusanywa, na Baraza la Madiwani, ambapo TARURA huhojiwa kuhusu kazi zake.

Njia kuu mnayo tayari. Awamu ya kwanza ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, ilijengwa pamoja na njia za miguu na baiskeli pembeni ya Morogoro Road. Upungufu wenu ni ule mkono mfupi kutoka mtaani hadi pale. Pitisheni ombi kwenye mkutano wa mtaa, lenye jina la barabara, urefu uliopimwa na picha za mahali maji yanapokata njia. Muhtasari uende kwenye Kamati ya Kata, kisha nakala kwa meneja wa TARURA wa wilaya kabla hajapanga bajeti ya mwaka unaofuata. Ombeni vitu vidogo vyenye majina: karavati moja, taa kadhaa, kivuko kwenye kipilefti fulani. Ombi la "njia ya baiskeli" tupu litarudi na jibu la "fedha zikipatikana."

Kwenye mdahalo wa wagombea hapa kwetu nitapewa dakika moja. Niulize nini? — Msomaji, Umoja

Uliza swali moja lenye barabara moja. Kwa mfano: "Mheshimiwa, barabara hii inayopita sokoni kwetu ni ya kaunti au ya KURA? Kwenye makutano yake na Outer Ring mwenye baiskeli atapita wapi? Na fedha umezipanga kwenye bajeti ya mwaka gani?" Usiulize "unaunga mkono baiskeli?" Hakuna atakayesema hapana.

Akijua barabara ni ya nani, ameshatembea nayo. Akilijibu swali la makutano kwa kutaja kilomita, hana mchoro. Akisema fedha zitatoka kwa wafadhili, muulize nani atalipia matengenezo mfadhili akiondoka, maana mikopo na misaada hujenga, haifagii. Jibu tunaloliheshimu ni la anayesema, "Hiyo si ya kaunti, siwezi kukuahidi, lakini hii ya kaunti nitaitia kwenye mpango wa mwaka wa 2028/29." Halina ladha jukwaani, ila ndilo utakaloweza kulifuatilia.

Lirekodi jibu kwa simu, pamoja na tarehe. Baada ya uchaguzi iombe kaunti, kwa maandishi, ikuonyeshe ukurasa wa mpango ambao barabara hiyo imetajwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu, na si lazima ueleze kwa nini unataka. Ukikosa jibu, malalamiko yanakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Barua ipeleke kwa mkono na uhakikishe nakala yako imepigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo, siku 21 hazina pa kuanzia.